Chungu cha Idi Huinjikwa Shaabani

Bila shaka baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kutuona twaandika habari za karamu ya Idi ilhali hata mwezi wa Ramadhani haujaandama. Watasema, "Mwalimu ameingiwa na njaa kabla ya kufunga." Na waseme. Sisi twaona kwamba mwenye nyumba anayeanza kufikiri chakula cha Idi tarehe 25 ya Ramadhani amekwisha chelewa, na gharama ya kuchelewa kwake hailipi yeye peke yake. Hulipwa na mkewe, na binti zake, na mara nyingine mwenye duka aliyemkopesha.

Lililotusukuma kuandika mapema hivi ni barua ya bibi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ambaye hatutaji jina lake wala mji wake. Aeleza kwamba ameolewa miaka 31, na mumewe ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo kila Idi Mosi jamaa wote hula kwao: ndugu na wake zao, wajomba, mashangazi, wajukuu, na majirani wasiopungua nyumba tatu. Hupata watu 40, na mwaka mwingine hupindukia. Usiku wa kuamkia Idi halali. Alfajiri huwa amekwisha kaanga vitunguu vya biriani, na wanaume wanapotoka kwenda msikitini na kanzu zao zinazonukia udi, yeye huwasikia wakileta takbira njiani hali mikono yake imejaa thomu. Asema kwamba tangu aolewe hajapata kuisali Sala ya Idi hata mara moja. Kisha auliza kwa maneno machache: je, ana dhambi?

Dhambi hana. Sala ya Idi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni sunna iliyokokotezwa, si faradhi, na aliyeikosa kwa kazi ya kuwalisha watu hana wa kumlaumu. Tena kuwalisha jamaa na majirani ni katika mambo makubwa ya kheri. Hata hivyo ajue kwamba asiyeweza kutoka aweza kuisali nyumbani kwake, peke yake: rakaa 2, kwa takbira 7 katika rakaa ya kwanza na 5 katika ya pili, na wakati wake ni tangu jua kuchomoza mpaka linapopinduka adhuhuri. Wakati huo ni mrefu, wala hautoki kwa sufuria moja.

Hilo ndilo jawabu ya suali lake. Lakini barua ile ina suali la pili ambalo bibi yule, kwa adabu yake, hakuliandika, nalo lawahusu wale waliokuwa wakipita njiani na takbira. Umm Atiyya (R.A.) amesimulia, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru wanawake watolewe katika Idi zote mbili: wasichana, na wanawali wa ndani, hata wenye hedhi, ila hao hujitenga na mahali pa kusalia, wapate kuhudhuria kheri na dua za Waislamu. Mwanamke mmoja akauliza, itakuwaje kwa asiye na nguo ya kujifunika? Akajibiwa kwamba mwenzake amwazime. Tafadhali, msomaji, litazame sana neno hili. Sisi siku ya Idi twaazimana masufuria, twaazimana masinia na majamvi, twaazimana hata wapishi. Lakini ni nyumba ngapi ambamo mume ameuliza mapema, "Nani atashika mwiko ili mama watoto naye aende akasali?"

Na hasara hiyo ya asubuhi ya Idi ni ndogo ukiipima na ile iliyoitangulia. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, Mtume (S.A.W.) alikuwa akikaza shuka yake, akiuhuisha usiku kwa ibada, na akiwaamsha watu wa nyumba yake. Waliamshwa kwa sala. Kwetu sisi watu wa nyumba pia huamshwa katika kumi hilo, ila wao huamshwa kuoka. Nyusiku ambazo mmojawapo ni bora kuliko miezi 1,000 zapita hali mama ahesabu mayai, na binti apepea mkaa, na baba yuko msikitini katika itikafu akiombea nyumba yake baraka.

Sisi tulio katika kazi ya chuo twaliona jambo hili katika daftari la mahudhurio. Wakati wa Ramadhani darsa yetu huwa baada ya Alasiri. Katika kumi la kwanza wavulana na wasichana hujaa sawasawa. Likifika kumi la mwisho, upande wa wasichana mikeka huwa mitupu. Ukiuliza waambiwa, "Mwalimu, fulani asaidia vileja nyumbani," au "Fulani amepelekwa sokoni." Wavulana wote wapo, na wengine wamesinzia. Mwaka juzi binti mmoja alikuwa amebakisha kurasa chache tu akhitimu Kurani, na hamu yake ilikuwa akhitimu kabla ya Idi. Hakuonekana tena tangu mwezi 22 mpaka Shawwali. Vileja vyao tuliletewa. Vilikuwa vizuri sana.

Basi wako wasemao kwamba dawa ni kuiacha karamu yenyewe. Sisi hatukubali. Karamu ya Idi ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo babu huwaona wajukuu wake wote katika jamvi moja, na ndugu waliokasirikiana hushika tonge sinia moja bila ya kuhitaji msuluhishi. Siku hiyo kufunga ni haramu, kula ni katika ibada. Ila karamu ni kazi kama kazi nyingine, na kazi isiyogawanywa mapema humwangukia aliye karibu na meko.

Jambo la kwanza ni idadi ya wageni. Hapa twapenda kumkumbusha msomaji kisa cha Jabir bin Abdillah (R.A.) wakati wa kuchimba handaki la Madina. Jabir alipoiona njaa katika uso wa Mtume (S.A.W.) hakutangaza karamu hapo hapo. Alikwenda kwanza nyumbani akamwuliza mkewe, je, pana kitu? Mkewe akatoa mfuko uliokuwa na pishi moja ya shayiri, nao walikuwa na mwanambuzi mmoja. Mume akachinja, mke akasaga. Jabir alipokuwa akitoka kwenda kumwalika Mtume, mkewe akamwonya asije akamfedhehesha mbele ya wageni. Naye Jabir akamnong'oneza Mtume kwamba chakula ni kidogo, aje na watu wachache. Yaliyofuata yajulikana: Mtume aliwaita watu wote wa handaki, wakala wakashiba, na chungu kingali chatokota. Huo ni muujiza wa Mtume, na sisi wengine hatujaahidiwa. Sehemu yetu katika kisa hiki ni ile ya mwanzo, yaani kumwuliza mke kabla ya kualika, na kumwambia mgeni kweli. Wanaume wengi wa leo hualika barazani, "Njooni nyote, karibuni," na mwenye chungu hupata habari watu wanapovua viatu.

Kwa hiyo katika Shaabani hii mume na mke wakae pamoja siku moja baada ya Isha na kuandika majina. Si kusema "watu kama 40," bali majina, na watoto waandikwe mbali na watu wazima. Wakishapata majina, hesabu ni nyepesi. Kwa kipimo chetu, pilau yenye nyama, kachumbari na ndizi pembeni, kilo 1 ya mchele hutosha watu wazima 7, na watoto 2 huhesabiwa mtu mzima 1. Ikiwa wageni ni 40 na kati yao 15 ni watoto, hao ni sawa na watu wazima 33 kwa kuzidisha kidogo. Mchele wao ni kilo 5, na nyama kilo 5. Twajua kwamba katika nyumba nyingi watu hao 40 huinjikiwa kilo 8 au 9 "kwa ajili ya baraka," na jioni twaiona baraka hiyo ikipelekwa jalalani. Israfu katika kula na kunywa imekatazwa wazi katika Sura ya Al-Aaraf, na katazo hilo halikutoa ruhusa kwa siku ya Idi.

Ukiwa na kalamu mkononi, fanya na hesabu ya pili. Zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, na pishi hiyo hukisiwa kilo 2 na nusu au kuzidi kidogo. Nyumba ya watu 8, basi, yadaiwa kilo 20 za mchele. Tazama ajabu hii: mchele wa maskini ni mara nne ya mchele wa karamu yako ya watu 40, na wengi wetu twaukumbuka usiku wa Idi, hali karamu twaiwaza mwezi mzima. Yafaa zaka hii itolewe kabla ya watu kwenda katika sala, na katika madhehebu yetu yajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Aitoaye mapema humpa maskini nafasi ya kupanga karamu yake naye. Maskini apelekewaye mchele saa 2 asubuhi ya Idi, ataupika saa ngapi? Na hana kuni.

Sasa fedha. Hatutasema mengi, maana kila mtu ajua mfuko wake. Mwenye mshahara wa mwezi atenge kidogo katika Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwenye kibarua cha kila siku atie sarafu katika kibubu, au aweke katika simu mahali asipopagusa. Mchele, samli, sukari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga havina haja ya kungoja Ramadhani. Anunuaye katika Shaabani, soko lingali limetulia, hupata nafasi ya kunusa, kuchagua na kupunguziwa. Aingiaye Darajani, Kongowea au Kariakoo siku mbili kabla ya Idi hanunui, bali huuziwa. Lakini tusilotaka kulinyamazia ni deni. Siku hizi mtu aweza kukopa kwa simu akiwa amelala kitandani, na mkopo huo hurudi na nyongeza ambayo hupewa majina mengi mazuri, nasi twalijua jina lake, ni riba. Kumfunga mtu mwezi mzima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisha akafuturu siku ya Idi kwa nyama ya riba, hiyo ni biashara gani? Asiyekuwa na nyama ya watu 40 na alike watu 12. Asiyekuwa na ya watu 12 na apike maharagwe ya nazi kwa watu wa nyumba yake, nayo ni Idi kamili.

Iko na njia ya kati ambayo wazee wetu waliijua nasi twaionea haya: kuchangiana. Ukoo wenye nyumba sita hauna sababu ya kuielemea nyumba moja. Huyu alete mchele, yule nyama, yule samli na viungo, yule ndizi, matango na ndimu, yule maji ya matunda na barafu, yule wa sita, aliye kijana na hana kitu, alete mikono yake na ya rafiki zake. Mkubwa wa ukoo hatapungukiwa heshima kwa hilo. Heshima yake ni kwamba wote wamekuja kwake.

Baada ya hapo twaja katika jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Nani alisema karamu lazima iwe mchana wa Idi Mosi? Tumetafuta katika vitabu tulivyosomeshwa, hatukuiona amri hiyo. Tulichokiona ni kwamba Mtume (S.A.W.) siku ya Idul-Fitri alikuwa hatoki kwenda katika sala mpaka ale tende, nazo alizila kwa idadi ya witiri. Mengine ni ada yetu, na ada yaweza kusogezwa siku moja. Shauri letu kwa bibi aliyetuandikia, na kwa mumewe hasa, ni kwamba karamu kubwa iwe Idi Pili. Idi Mosi nyumba ile tende, waende wote katika sala, warudi wanywe chai kwa mahamri, tambi na mkate wa kumimina, kisha watembelee wazee na wagonjwa na makaburi. Mlango usifungwe, ajaye apewe kahawa na halua, akumbushwe kwamba karamu ni kesho. Tanzania Bara sikukuu hii hupewa siku 2, hivyo Idi Pili watu wapo. Kenya siku rasmi ni 1, na huko familia yaweza kuchagua jioni ya Idi Mosi, au Jumamosi au Jumapili iliyo karibu. Sharti ni moja tu: mialiko itoke kabla ya nusu ya Ramadhani, ili mjomba asije na njaa yake siku ya kwanza akakuta birika la kahawa.

Kusogeza huko kwaondoa na mashaka mengine. Karamu ya Idi si kama karamu ya harusi. Harusi ina tarehe. Idi haina tarehe mpaka jua la siku ya 29 litue. Mwezi ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, watu hukamilisha 30. (Habari za khitilafu ya mwezi wa hapa na mwezi wa ng'ambo hatuziingii leo; kila mwaka zatuchosha vya kutosha.) Mpishi asiyeliweka hili akilini hununua nyama siku ya 28, mwezi usionekane, akabaki kuilinda nyama siku tatu. Au hungoja mwezi ndipo aanze kuchambua mchele, saa 3 ya usiku, taa zikakatika. Kwa hiyo kazi zote zigawanywe kwa kuutazama mwezi.

Ziko kazi ambazo hazina habari na mwezi kabisa. Kuhesabu masinia, birauli na mabakuli, na kujua vipi vitaazimwa na kwa nani. Kumwambia mwenye sufuria kubwa mapema kabla hajamwahidi mwingine. Kutazama kama mtungi wa gesi una kitu au gunia la mkaa limepata maji. Kufua majamvi na vitambaa. Hayo yote ni ya Shaabani. Mchele huchambuliwa Shaabani pia, ukatiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko. Wajukuu waweza kuuchambua kwa jioni mbili wakisikiliza hadithi za bibi yao, na wavulana wana vidole kama wasichana. Bizari na viungo vingine vinunuliwe vizima, vianikwe juani nusu siku, viwekwe. Visitwangwe sasa, kwani vikitwangwa mapema harufu hupotea. Kutwanga ni kazi ya juma la mwisho, na ni ya robo saa.

Vitafunio vikavu, kama vile vileja, visheti na biskuti, vyaweza kufanywa kabla ya kumi la mwisho kuingia, vikatiwa katika mikebe inayofungwa barabara. Twajua kwamba mikebe hiyo ina maadui wadogo wadogo wasiofunga. Basi ifichwe. Mwezi 20 ukifika, meko ya vitafunio yazimwe, na jikoni pabaki kazi ya futari na daku tu. Haya ndiyo tunayoyataka kuliko yote tuliyoandika hapa, kwamba tangu mwezi 21 mpaka mwezi kuandama mama wa nyumba na binti zake wawe na usiku wao.

Thomu na tangawizi huweza kutwangwa siku ya 27 au 28 mchana, zikawekwa katika jokofu. Vitunguu vya biriani hukaangwa vikakauka, vikapoa kabisa, ndipo vikatiwa katika mkebe. Mwuza nyama aambiwe juma zima mbele, na apewe jawabu la wazi: "Nataka kilo 5, asubuhi ya Idi, mwezi ukionekana siku yoyote." Mwezi ukiisha kuonekana na karamu ikiwa Idi Pili, kazi iliyobaki ni ndogo. Nyama huchukuliwa Idi Mosi, ikakatwa, ikatiwa chumvi, thomu na tangawizi, na kwa biriani ikatiwa na mtindi, ikalala ndani ya jokofu. Asiyekuwa na jokofu wala jirani mwenye nalo achukue nyama yake asubuhi ile ile ya kupika.

Na hapa twaomba radhi kwa wapenzi wa biriani. Wageni wakipindukia 30, pikeni pilau. Biriani ni chakula cha kifalme, nasi hatuikatai tukiletewa, lakini yataka chungu cha mchuzi na chungu cha wali, na vitunguu vya kuwatoa machozi watu watatu, na mtu wa kusimama juu yake asiondoke. Pilau ni chungu kimoja. Ikiisha kukauka hupaliwa makaa juu ya mfuniko, moto wa chini hupunguzwa, na mpishi huenda akaoga akavaa nguo yake ya Idi kama watu wengine. Tena pilau ina ukoko, nao watoto huugombania kuliko nyama.

Jambo la afya lisifanyiwe mzaha, kwani karamu nyingi huishia hospitali. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi kupita saa 2, na sisi wa Pwani joto letu mwalijua. Wali una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa na uvuguvugu wake kutwa nzima, kijidudu hicho hutoa sumu, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo chakula kipikwe karibu na saa ya kula, na kinachobaki kigawanywe au kiwekwe katika baridi upesi, katika vyombo vipana visivyojazwa sana, si kufunikwa na sufuria lake mpaka usiku. Nyama mbichi na kisu chake zisikutane na kachumbari.

Kabla ya sinia la kwanza kutolewa kwa wageni, toa fungu la jirani. Twasema kabla, maana fungu litokalo baada ya karamu huwa ni makombo, hata likipambwa. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr (R.A.) apikapo mchuzi aongeze maji yake ili awaangalie majirani zake. Naye Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa. Basi jirani asiye Mwislamu naye asiisikie harufu ya pilau yetu bure. Katika mwandiko wa majina wa Shaabani yaandikwe pia majina mawili ya watu ambao hawataalikwa na mtu mwingine: mjane wa mtaa, au kijana mgeni wa mji aliyepanga chumba na hana jamaa. Wakae jamvi moja na wajomba, wasipelekewe sahani mlangoni.

Twarudi kwa mume wa bibi yetu, ambaye huenda ndiye asomaye ukurasa huu kwa sauti barazani. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa sala akatoka kwenda kusali. Kwa hiyo mwanamume atakayekoroga sufuria kubwa la watu 40, ambalo kwa uzito wake ni kazi ya mwanamume hata hivyo, hatakuwa amezua jambo. Vijana wachote maji, wawashe moto, watandike majamvi, wawanawishe wageni mikono, na karamu ikiisha waoshe masufuria wao, wala si mama zao. Watoto na wazee wapewe chakula kwanza. Masinia ya wanawake ndani yajazwe wakati mmoja na ya baraza, kwa nyama ile ile, maana tumeona mahali ambapo waliopika ndio walioletewa mifupa.

Ijumaa hii, baada ya sala, chukua karatasi ukae na mwenzako muandike majina. Bibi yule ametuuliza pia habari za mkono wa Idi wa watoto, ambao siku hizi hudaiwa kama kodi, na mtoto akipewa kidogo hununa mbele ya mgeni. Jambo hilo nalo lina maneno, nasi tutaliandika mwezi ujao, Inshaallah.